Kwa Milroy Hakuna Fergus

Desmond Milroy alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na ukuta. Kila baridi ilipoanza kulegea, kabla kondoo hawajaanza kuzaa, alijaza vijiwe kwenye toroli, akampigia mbwa mluzi, akateremka malishoni kuziba matundu ya ukuta uliojengwa na baba wa babu yake. Nusu ya chini ya ukuta ule haikuwa na neno. Mawe yalikuwa mawili mawili kwa upana, yamebanana hata wembe haupiti. Nusu ya juu ndiyo iliyomtia Des aibu. Huko mawe makubwa yalipangwa safu moja tu, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, na kati yake mwanga ulipita. Ukisimama upande huu ulimwona kondoo wa upande ule akitafuna.

"Mzee chini alijenga akiwa na nguvu," Des alipenda kuwaambia wageni. "Juu alijenga akiwa na kiu."

Dada yake Nessa alikuwa amesikia utani huo tangu akiwa na nywele nyeusi, na bado alicheka. Nessa alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa bonde lile la Tasmania walianza maisha mikononi mwake. Alipofiwa na mumewe alirudi kuishi na mdogo wake katika nyumba waliyozaliwa, wakawa wanagombania redio na jiko kama walivyogombania wakiwa watoto.

Mzee mwenyewe aliitwa Quintin Milroy, Mskoti. Shangazi Ivy, aliyewalea, alikuwa akisema kwamba alikuja huku kwa kazi ya serikali. Hakusema uongo. Serikali ilimtia pingu, ikampakia melini, ikampa kazi miaka saba bila mshahara. Enzi za shangazi Ivy mfungwa ukooni alikuwa jambo la kuficha kama ndui. Siku hizi mambo yamegeuka, watu wanatambiana kanisani nani ana wafungwa wengi zaidi, na Nessa hakuwa na haja ya kujificha tena. Quintin aliiba gurudumu zima la jibini huko Glasgow, alikokwenda kutafuta kibarua, na walimkamata kwa sababu lilimponyoka kwenye mteremko likabingirika hadi miguuni mwa askari. Mkewe wa huku, Honora Deasy, alikuwa mfungwa kutoka Ireland, yeye kwa kosa la ndoo ya siagi.

"Walipungukiwa mkate tu," alisema Des.

Zaidi ya ukuta na habari ya jibini, Quintin aliwaachia maneno mawili. Mtu akinyoosha mkono kwenye skonzi ya mwisho, au akitaka kukalia kiti cha mwenzake, kwa kina Milroy aliambiwa, "Mwenyewe yupo, alisema mzee." Shangazi Ivy alisimulia kwamba maneno hayo yalizaliwa kwenye ubatizo wa mtoto mmojawapo, na yakarudiwa kwenye ubatizo wa kila aliyefuata, mpaka yakawa mzaha wa nyumba. Wote walichukulia kwamba mzee alikuwa akilinda kipande chake cha keki.

Nessa alitaka zaidi ya hayo. Hakujaliwa mtoto, Des hakuoa, na binamu walikuwa wametawanyika kila mmoja na lake. Alijua kutoka kwa shangazi Ivy, aliyemnong'oneza siku za mwisho kana kwamba anamkabidhi sumu, kwamba Quintin aliacha kule Uskoti mke na mtoto wa kiume mchanga. Basi Nessa akaingiwa na tamaa moja. Kaburi la Quintin halikuwa na jina, lilikuwa na jiwe la shamba tu. Alitaka aweke jiwe la kweli, majina ya watoto wote yachongwe hapo, na la yule wa kule liwe juu kabisa. Tena alitaka, kabla hajafa yeye mwenyewe, damu ya kule na damu ya huku zisimame pamoja mbele ya jiwe hilo.

Lakini kule ni wapi? Miaka mingi aliwaandikia Milroy wa Glasgow, wakamjibu kwa adabu kwamba hawamjui. Aliyemfungulia njia ni daktari wa mifugo, kijana wa Uskoti aliyekuja kuchanja kondoo, akasimamisha gari kando ya ukuta wa Des na kuanza kucheka.

"Nani huyo mwendawazimu amewazibia ukuta?" aliuliza. "Hizi ni kuta za Galloway, kusini mwa Uskoti. Kwingine hawajengi hivi, hata mbinguni."

Nessa hakumsubiri amalize kucheka. Alimwandikia mchungaji wa kanisa huko Galloway, na mchungaji akampata Fergus Milroy, mjukuu wa yule mtoto, mzee aliyekuwa fundi wa kuta maisha yake yote. Jibu la Fergus lilikuwa fupi. Alisema atakuja kwa nauli yake, kwa sababu ana neno la kumfikishia marehemu. Nessa alilia kwa furaha. Des alilisoma mara mbili, akasema, "Mtu akiniandikia mimi hivi, nafunga mlango."

*

Fergus alishuka kwenye basi Alhamisi mchana, mrefu, mkavu, kofia bapa kichwani na mkoba mmoja mkononi. Nessa alimkumbatia. Mzee akasimama wima ndani ya kumbatio kama mtu anayepimwa suti.

"Karibu, Bwana Milroy. Karibu nyumbani."

"Ahsante, mama. Nyumbani ni kule nilikotoka, ila ahsante."

Wakapanda gari la Nessa. Vichaka vya miba vyenye maua ya manjano, vilivyoletwa na Waskoti wenzake zamani vikawa balaa la nchi, alivitazama bila kutoa maoni. Walipokata kona ya malisho ya Milroy aliinua kiganja kidogo.

"Simamisha gari."

Akatoka, akavuka majani yenye maji, akasimama mbele ya ukuta. Nessa alimwona akiinama, akifumba jicho moja, akichungulia urefu wa ukuta kama anayelenga bunduki. Kisha akaweka kiganja juu ya jiwe la juu, akakiacha pale. Uso wake ulilegea, na kwa muda mfupi Nessa aliona sura ya Des akiwa amelala, ile ile, taya na vyote. Halafu ni kama mzee alikumbuka kwamba amekasirika. Akaondoa mkono, akaufuta kwenye koti.

"Nani ameharibu kazi ya watu?"

Des, aliyekuwa anafika na toroli yake, alisimama. "Kuharibu vipi, mzee? Hiyo kazi yangu ya miaka arobaini."

"Basi pole kwa miaka arobaini." Fergus akachomoa kijiwe kimoja, akakitupa. "Kondoo wako wanaruka hapa?"

"Wanaruka. Kondoo wa huku wana laana."

"Hawana laana, wana akili. Kondoo akiona mwanga kati ya mawe anadhani ukuta unataka kumwangukia. Haugusi. Wewe umemzibia mwanga, umemwekea na ngazi juu yake. Ungempa na kiti."

Des alikiokota kijiwe kilichotupwa, akakirudisha torolini. Nessa alilazimika kugeuka upande ili asionekane anavyocheka. Miaka arobaini ya vijiwe, na siku zote mzee Quintin alikuwa hana kiu hata kidogo.

*

Jioni Nessa alipika paja la kondoo kwa viazi na maboga. Fergus alikwenda kukaa kwenye kiti cha kando ya moto, na Des, ambaye hanyamazi kwa muda mrefu, akamwambia, "Mwenyewe yupo, alisema mzee." Mwenyewe alikuwa mbwa. Ikabidi wamweleze mgeni kwamba ni msemo wa nyumba, wa Quintin, wala hakuna anayejua ulihusu nini. Fergus alisikiliza, akasogea akakaa mezani, akala kwa adabu na kidogo.

Nessa alijikaza mpaka chai ilipomiminwa. Hapo akalitoa la moyoni. Alimwambia kuhusu jiwe, kwamba litasimikwa Jumapili, kwamba Bwana Pybus fundi wa makaburi anakuja kesho kupima msingi na kuchukua maneno ya kuchonga. "Na nataka jina la kwanza kabisa liwe Fergus. Babu yako. Ndiye mtoto wake wa kwanza, hata kama bahari iliwatenga. Nakuomba usimame nasi."

Fergus aliweka kikombe chini.

"Hapana."

"Si lazima unijibu leo, Mzee Fergus."

"Jibu ninalo tangu nina miaka saba, mama. Babu yangu alilitia kichwani mwangu, akiwa amenishika mkono huu hapa. Msiliweke jina letu chini ya yule mtu. Alikuwa nalo, akalitupa."

Des alisukuma kiti nyuma. "Jamani, alifungwa pingu. Angerudi kwa kuogelea?"

"Kutorudi simlaumu. Kuandika asingeweza, hakujua kusoma wala kuandika. Hata kuoa, bibi Grizel, mke aliyemwacha kule, mwenyewe hakumlaumu. Alisema bahari ni bahari, na mwanamume asiye na mtu wa kumpikia hufa." Fergus alikuwa akiongea na kitambaa cha meza. "Sikilizeni. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kuwa linapendeza. Kijana wa kwanza anabeba jina la baba wa baba yake. Mtu hata awe fukara wa kulala zizini, hicho anacho cha kumpa baba yake. Sasa, baba yake Quintin aliitwa Fergus. Mnaelewa?"

"Sisi Des alipewa jina la farasi," alisema Nessa taratibu. "Alishinda mbio siku Des aliyozaliwa."

"Kwa urefu wa kichwa tu," alisema Des.

Mzee hakucheka. "Bibi Grizel alikaa miaka na miaka bila habari. Akaja jirani mmoja aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu huku. Akasema, Quintin nimemwona, mzima, ana shamba, ana mke, ana watoto wa kiume watano. Bibi alikuwa anaanua nguo. Akauliza neno moja tu. Kati ya hao, Fergus ni yupi? Jirani akamwambia, kwa Milroy hakuna Fergus."

Moto ulikuwa umeshuka, na hakuna aliyeinuka kuuchochea.

"Vijana watano, asimkumbuke baba yake hata kwa mmoja. Kwetu huko ni kumzika mzazi akiwa bado anapumua, na kutuzika sisi wote pamoja naye. Bibi akamaliza kuanua nguo zake. Hakumtaja tena mpaka anakufa, ila alimwachia mwanawe ujumbe. Siku mmoja wetu akifika huko, amwambie Quintin kwamba hatukufa. Ndio hilo tu. Kesho nitakwenda kaburini nimwambie, nichukue basi la saa tisa nirudi zangu."

"Na Jumapili?" aliuliza Nessa.

"Jumapili ni yenu."

Nessa aliosha vyombo peke yake, akimfukuza Des kila alipokuja na kitambaa cha kufutia. Alikuwa amengoja nusu ya umri wake apate ndugu wa kule, na sasa amempata, yuko chumba cha pili, na hampendi. Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwa kuwa hakuweza kumkasirikia. Mzee wa umri ule alikuwa amevuka dunia nzima kwa ajili ya bibi aliyeanua nguo.

*

Asubuhi Fergus hakuonekana chumbani. Walimkuta malishoni amevua koti, anachomoa vijiwe vya Des kimoja kimoja. Alisema mikono yake imeshindwa kulala karibu na ukuta wa namna ile. Des alisimama akimtazama, akakuna shingo, kisha akavua koti lake pia. Walifanya kazi mpaka adhuhuri, mmoja akieleza na mwingine akibisha, na mwanga ukawa unarudi kwenye ukuta kipande kwa kipande. Kondoo mmoja jike, mrukaji maarufu, alikuja mpaka pale, akaona mwanga, akafikiri, akageuka akaenda zake.

"Mshenzi," alisema Des kwa upole. "Siku zote ulikuwa unanicheka."

Halafu saa ikafika. Nessa alimchukua Fergus kwa gari mpaka kwenye kanisa dogo la mawe juu ya kilima, mkoba wa mzee ukiwa kiti cha nyuma. Bwana Pybus alikuwepo tayari, mtu mnene mwenye vumbi mpaka kwenye kope, anapima msingi kwa kamba. Aliwaamkia, akauliza kama maneno yako tayari. Nessa akamwambia asubiri kidogo.

"Mimi nasubiri," alisema Pybus. "Wateja wangu hawana haraka."

Kaburi la Quintin lilikuwa mwisho wa safu, chini ya mkaratusi, na ili kulifikia ulipita kwanza kwa wanawe. Hao walikuwa na mawe yao. Fergus alitembea amekaza macho mbele, ila mtu aliyeishi na mawe maisha yake yote hawezi kulipita jiwe bila kulitazama. Akasimama kwenye la kwanza.

"Cornelius," alisoma. "Huyu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza. Ndiye babu yangu mimi."

"Cornelius si jina la kwetu. Limetoka wapi?"

"Kwa Honora. Baba yake aliitwa Cornelius Deasy. Hilo tunalijua, alikuwa mpiga zumari, tuna hata zumari lake."

Fergus alilisoma tena jina. "Baba wa mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayehesabu. "Kwa mtoto wa kwanza?" Akasogea kwenye jiwe lililofuata. "Na huyu?"

"Quintin mdogo. Wa pili."

Mzee akatoa mkono wa kulia, akaanza kukunja vidole, akaacha, akaanza upya. Nessa alidhani amepatwa na kizunguzungu, akamkaribia.

"Mzee Fergus, vipi?"

"Hainikai sawa. Kijana wa kwanza ni baba wa baba. Wa pili ni baba wa mama. Wa tatu ni la baba mwenyewe. Hivyo ndivyo, tangu dunia iumbwe." Akanyoosha kidole kwa Cornelius. "Huyu ana jina la wa pili." Akanyoosha kwa Quintin mdogo. "Huyu ana jina la wa tatu. Jirani yule hakutuambia majina, alisema tu hakuna Fergus. Sisi tukajua ametupa desturi nzima. Kumbe hakuitupa. Kaifuata, ila ameanzia katikati."

Sasa, Nessa hakujua desturi za Galloway, lakini alikuwa mkunga. Alikuwa amekaa kwenye vitanda vya wazazi mara zisizo na idadi, akisikia majina yakitajwa, yakikataliwa, yakililiwa. Kuna swali alilowahi kumsikia mama mmoja akiulizwa na mama mkwe, na likamjia.

"Kwenu," alisema, "kama yupo mtoto mwenye jina, anaweza ndugu yake kupewa hilo hilo?"

"Haiwezekani. Kwa nini?"

"Hata siku moja?"

"Labda yule wa kwanza awe amekufa. Watoto walikufa sana zamani. Akifa, anayezaliwa nyuma yake hubeba jina lake lisipotee. Lakini akiwa hai, jina haligu..."

Hakumalizia. Mkono wake ulibaki hewani na vidole vyake viwili vimekunjwa.

Nessa alimshika kiwiko. Alitaka kulisema vizuri asiliharibu. "Alikuwa na Fergus tayari," alisema. "Aliyemwacha kule. Alipopata wa kwanza wa huku, kwake yeye huyo alikuwa wa pili. Ameanzia wa pili kwa sababu wa kwanza alikuwepo."

"Hakuwa na habari yoyote ya kwetu," alisema Fergus. "Mtoto alikuwa ananyonya alipoondoka. Tena ule ulikuwa mwaka wa njaa. Angejuaje kama alipona?"

"Hakujua. Vijana watano walizaliwa hapa, na kila ubatizo watu walimuuliza, mbona humpi mtoto jina la baba yako? Angempa hata mmoja wao, angekuwa amekubali kwamba yule wa kule amekufa." Na hapo lilimjia lile jingine, akaziba mdomo kwa mkono. "Mungu wangu. Kaka. Haikuwa keki."

"Keki gani?"

"Mwenyewe yupo. Kila ubatizo alisema hivyo, shangazi Ivy alituambia. Walimtajia jina la Fergus, naye akawajibu, mwenyewe yupo. Na sisi kwa miaka yote tumekuwa tunamwambia mbwa."

Fergus alikaa chini. Hakutafuta pa kukaa, alikaa tu kwenye majani, na miguu yake mirefu ikatangulia mbele. Nessa, ambaye magoti yake hayakuwa ya kuchezea, akakaa naye. Walibaki hivyo kati ya Cornelius na Quintin mdogo, na kwa mbali Bwana Pybus aliacha kupima, akavua kofia bila kujua sababu.

"Unajua babu yangu alipooa," alisema mzee mwishowe, "kijana wake wa kwanza alipaswa kuitwa Quintin. Ndiyo kanuni. Baba wa baba. Akakataa. Akampa jina lake mwenyewe, Fergus, kwa hasira. Na huyo akanipa mimi. Ndiyo maana sisi ni Fergus watatu mfululizo, na watu wakituuliza tulijivuna." Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hayafuti. "Tulimwambia kila mtu kwamba alituzika. Yeye hakumzika mtu. Sisi ndio tuliomzika, dada. Kwetu ndiko hakuna Quintin."

Alikuwa amemwita dada. Nessa alilisikia, akaliweka mahali pake, akampa kitambaa.

"Alikuwa na ukuta wake," alisema. "Na Des aliuziba, mimi nikicheka. Hakuna aliyemwelewa, kwenu wala kwetu. Pangusa macho, kaka."

Walisaidiana kuinuka, kazi iliyochukua muda na maneno ambayo hayasemwi makaburini. Kisha Fergus akaenda mpaka kwa Bwana Pybus, akatazama jiwe jipya lililoegemezwa kwenye gari lake, akalipitishia mkono kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake.

"Majina ya watoto unayaweka kwa mfuatano?"

"Kwa kuzaliwa kwao, ndiyo."

"Basi anza na Fergus. Halafu Cornelius. Wa tatu Quintin, na wale watatu wadogo wafuate. Usikosee mpango, ameupanga mwenyewe."

Pybus akaandika kwa penseli kwenye kiganja chake, kwa sababu karatasi alikuwa ameisahau. Fergus akarudi polepole mpaka mwisho wa safu, chini ya mkaratusi, kwenye lile jiwe la shamba lisilo na maandishi. Nessa alibaki nyuma kidogo. Ujumbe ulikuwa wa mzee, na alikuwa ameubeba mbali.

Fergus alivua kofia. Akakohoa, kama mtoto anayetumwa kwa watu wazima.

"Mzee Quintin," alisema. "Mimi ni Fergus, wa Fergus, wa Fergus wako. Nina salamu zako kutoka kwa Grizel. Zimechelewa, utatusamehe. Amesema nikwambie kwamba hatukufa." Akaigeuza kofia mikononi, na aliposema tena sauti ilikuwa ndogo sana. "Ulisema kweli, mzee. Mwenyewe yupo."

Nessa alikwenda akamshika mkono, ule ule ulioshikwa na mtoto wa Quintin. Barabarani chini ya kilima basi la saa tisa lilipita, na hakuna aliyelisimamisha.